Carmel Hasalimii Akiwa Mezani

Dada yangu Carmel hakuwa mchezaji mbaya wa biliadi. Naanza na hilo kwa sababu pale mtaani kwetu Nguba kuna wanaume watakaokuambia kwamba alijifunza juzi, tena kwa huruma yao. Waongo wakubwa. Carmel alishika fimbo akiwa bado mwanafunzi wa chuo, kwenye meza ya baa ya Maman Madeleine, na kabla hajamaliza masomo alikuwa amekwisha kuwafunga nusu ya hao wanaojifanya walimu wake. Mimi ni Olive, mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo usitegemee nizungumze kama jaji.

Ila tatizo lilikuwepo, sitalificha. Carmel hakuaminika. Jumamosi angeweza kusafisha meza mpaka watu wakasahau bia zao zikipata moto, na Jumapili, mkono ule ule, meza ile ile, akakosa mpira uliokaa mdomoni mwa shimo. Walifika mahali pa kuulizana mlangoni, “Leo iko Carmel gani?” Yeye alikuwa akisikia, na ilimuuma.

Halafu ukaja mwaliko wa Goma. Baa za huko ziliandaa mashindano, na ya Maman Madeleine ilitakiwa kupeleka timu ya watu wanne, kwa boti, na fulana zenye jina la kila mchezaji mgongoni. Watatu walipatikana upesi. Wa nne, kila mtu alijua, angekuwa Carmel au Josué, kijana anayeuza simu mjini, ambaye hapigi mpira wa kushangaza hata siku moja lakini pia haharibu.

Mwenyekiti wa kamati ya wachezaji ni Papa Apollinaire, mstaafu mwenye kofia ya sufi na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisimama na kusema mbele yetu sote, wanawake kwa wanaume:

“Carmel anajuaka kupiga, sikatai. Lakini hana régularité. Banamuke bako vile, leo hivi, kesho vile. Tutabeba Josué.”

Carmel alikuwa ameshika chaki. Aliiweka juu ya meza polepole, na mimi niliyemjua tangu utoto nikajua kwamba ameshapandwa na hasira.

“Papa Apollinaire, juu ya nini tunasema mingi? Nicheze na Josué. Mwenye atashinda mara tatu, njo ataenda.”

Watu walipiga makofi, kamati haikuwa na pa kutokea, mechi ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mchana. Papa Apollinaire akaongeza kwamba Carmel akishindwa, asilete tena habari ya timu. Carmel akasema sawa.

Naomba uelewe alichokuwa anakitaka. Carmel ni sekretari katika chuo kikuu. Tangu asubuhi anaandika barua zenye majina ya wengine, anapanga mikutano ya wengine, anapigia mihuri kazi za wengine. Ana miaka thelathini na minne, hajaolewa, na kila harusi ya ukoo kuna shangazi anayemwambia kwamba biliadi ndiyo imemchelewesha. Ile fulana aliitaka kama mtoto anavyotaka nguo ya Noeli. Aliniambia hivyo mwenyewe, jikoni, bila aibu, na mimi nikaanza kuitaka kuliko yeye.

Akatafuta dawa. Alibadilisha fimbo. Aliacha bia. Alilala mapema. Alisali novena nzima, na padri angejua ni ya nini sijui angesemaje. Akaomba kwa Maman Madeleine ruhusa ya kuja saa ya mapumziko ya kazi, baa ikiwa tupu, ajizoeze peke yake. Nilimsindikiza mara nyingi nikibeba chakula. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa: saa sita mchana, Carmel hakosi. Anaweka miguu, anatoa pumzi, anaangalia shimo, anaangalia mpira, anapiga, na mpira unaenda ulikotumwa. Tena na tena. Jioni, watu wakijaa, yule yule anapotea.

“Ni woga,” nikamwambia.

“Woga wa nani? Wa Josué?” Alinitazama vibaya mpaka nikarudi kwenye ugali wangu.

Aliyetufumbua macho ni Maman Madeleine. Alikuwa nyuma ya kaunta akichambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga jioni, na alisema bila hata kuinua kichwa:

“Carmel, weye mangaribi hauchezake biliadi. Unasalimiaka batu. Biliadi unachezaka katikati ya salamu.”

Jioni ile nilikaa kwenye kona na limonadi yangu, nikaangalia. Ee Mungu wangu! Tumekuwa tukienda baa ile miaka yote, na sikuwahi kuona. Mwanamume akiingia akakuta mwanamume mwenzake ameinama mezani, anagonga ubao wa meza kwa kidole, to, na kupita zake. Aliyeinama hajibu hata kwa kope. Hiyo ni salamu, na imekwisha. Lakini akikuta ni Carmel ameinama, mkono unanyooshwa. “Carmel, jambo! Habari ya nyumbani? Muzee wa Nyantende anaendelea?” Na Carmel, binti wa huyo muzee wa Nyantende, katekista, aliyelelewa na Bashi, kabila letu, wanaojua maana ya kulea, anaacha mpira. Anasimama wima, anatoa mkono wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko, goti linapinda kidogo, naye anauliza habari za mke, za watoto, za ng'ombe aliyezaa. Ndipo anarudi kuinama, na ile njia aliyokuwa ameiona kati ya mpira na shimo imekwisha kufutika kichwani. Anapiga. Anakosa. Watu wanasema, “Banamuke!”

Nilimfuata Chris, mmoja wa wale watatu wa timu, nikamuuliza kama wanafanya makusudi. Alicheka.

“Sasa tuache kumusalimia? Tutakuwa batu ya namna gani?”

Sikumpiga. Sijui hata leo ni kwa nini.

Nilipomweleza Carmel, nilidhani atalia au atavunja fimbo. Alicheka, kicheko kibaya. “Kumbe,” akasema. “Miaka yote hii nilifikiri mukono yangu iko na magonjwa.” Halafu akaniamuru nisimame mlangoni.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa msalimiaji wa kulipwa kwa sambaza. Mchana baada ya mchana Carmel anainama, mimi naingia na mkono mbele, “Jambo yaya!” Yaya kwetu ni dada mkubwa, usije ukafikiri namwita mlezi wa watoto. Mwanzoni mwili wake ulikuwa unainuka wenyewe. Alikuwa anajilaani, anainama tena, ananiambia nitoke niingie upya. Nilisalimia kwa sauti ya shangazi, kwa sauti ya padri, kwa sauti ya mkubwa wake wa kazini. Nilimwambia nyumba inaungua. Aliinuka kwa nyumba, na tulicheka mpaka Maman Madeleine akatufukuza. Lakini taratibu kitu kikatulia ndani yake. Miguu, pumzi, shimo, mpira. Mimi nabwabwaja pembeni, mpira mweupe unakwenda, unagonga, unasimama. Ukishasimama ndipo anasimama yeye, anakuja na mikono miwili na kuniuliza habari za nyumbani kwangu, wakati tunaishi nyumba moja.

Kisha akaanza kufanya hivyo jioni, mbele ya watu. Wa kwanza kuachwa na mkono hewani alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, naye alitazama kiganja chake kana kwamba kimeota upele. Mpira uliingia. Carmel akamwendea, akamsalimia kwa heshima zote, akauliza mpaka habari za wajukuu. Haikusaidia. Kufikia Jumapili maneno yalikuwa yamefika kanisani kabla yetu: Carmel amepata kiburi, Carmel hasalimii wazee. Baada ya misa Maman Jeanine wa kwaya alimshika mkono pale uwanjani.

“Carmel, ni kweli unaachaka bazee na mukono juu?”

“Ni kweli, maman. Na weye ukiwa katikati ya Gloria, mutu akikusalimia, unaachaka kuimba?”

Maman Jeanine aliuachia mkono wake. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, lakini tulikuwa bado kwenye uwanja wa kanisa.

Jumamosi ya mechi ilinyesha tangu asubuhi, na watu ambao hawachezi hata karata walijaa baa wakidondosha maji. Josué alicheza vizuri, tumpe haki yake. Alishinda mchezo wa kwanza. Carmel akashinda wa pili na wa tatu. Wa nne Josué akauchukua kwa ujanja wa kuzuia. Kila aliyeingia alimsalimia Carmel, kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na kila mmoja alingoja. Sikuwahi kumwona dada yangu mtulivu vile.

Mchezo wa tano. Carmel alimaliza mipira yake yote, akabaki na mweusi tu, ule wa kumalizia. Josué alikuwa bado na mitatu mezani. Mweusi ulikuwa umekaa mbali, karibu na ubao, mahali pabaya. Ukipiga kwa nguvu unaruka, ukipiga kwa woga haufiki. Carmel akaweka chaki kwenye ncha ya fimbo. Akainama.

Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia ni baba yetu.

Papa Mugisho alikuwa hajawahi kukanyaga baa ile. Anaishi Nyantende, analima, anafundisha katekisimu, na mjini anakuja kwa mazishi na kwa daktari. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, limeloa mabegani, na nyuma yake mwendesha pikipiki alikuwa anamtafuta kwa macho mtu wa kumlipa. Papa Apollinaire akanyanyua kidole kumwita yule wa pikipiki. Nikaelewa. Mwenyekiti alikuwa ametuma pikipiki mpaka Nyantende, kwenye matope yale, kumletea Carmel mkono mmoja ambao asingeweza kuuacha. Nilihisi hasira mpaka masikio yakawa ya moto.

Papa hakujua lolote. Alimwona binti yake, akafurahi kama anavyofurahi siku zote, akapita katikati ya watu mpaka kwenye meza, akanyoosha mkono na salamu ya kwetu.

“Asinge, Carmel. Mutoto yangu, jambo.”

Baa yote ikasogea karibu na meza. Mvua ilipiga mabati. Niliuona mgongo wa Carmel ukishtuka, kidogo sana, kama pale mwanzoni tulipokuwa tunajizoeza. Niliona vidole vya mkono wa kulia vikilegea kwenye fimbo. Moyoni nikasema inuka, dada, huyu ni Papa, tuache na fulana zao. Na palepale nikasema usiinuke, usiinuke, nakuomba.

Akatoa pumzi. Vidole vikakaza. Akaangalia shimo, akaangalia mpira.

Akapiga.

Mweusi ulitembea kandokando ya ubao, ukachelewa kiasi cha kutuua, ukaanguka ndani. Mpira mweupe ukazunguka kidogo katikati ya meza na kusimama. Hapo ndipo Carmel alipoweka fimbo, akamgeukia baba yetu, mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko, goti chini zaidi kuliko nilivyowahi kumwona akilipinda.

“Papa, asinge. Unisamehe juu ya kukuchelewesha. Juu ya kupiga, hapana.”

Papa alikuwa ameshusha mkono. Aliutazama, akalitazama lile shimo, akamtazama binti yake, na uso wake ulikuwa mgumu. Nilijua uso ule. Ndio uliotutuma shambani na njaa tukikosea sala.

“Umeniacha na mukono juu, mbele ya batu bote.”

“Ndiyo, papa.”

“Na ile mupira imeingia?”

“Imeingia, papa.”

“Ni bahati yako,” akasema baba yetu. “Kuniacha na mukono juu kisha unaikosa, pale ningekuchapa na ile fimbo.”

Akampa mikono yote miwili. Kelele zilizofuata zilimshtua mpaka mwendesha pikipiki. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Papa Apollinaire alisubiri kelele zipungue. Kisha akaja, kofia imerekebishwa, tabasamu la mwenyekiti usoni, mkono mbele kwa pongezi.

“Félicitations, Carmel. Goma itatujua.”

Carmel aliutazama ule mkono. Akachukua fimbo.

“Ngoja kidogo, papa. Kuko kazi nabakisha.”

Mechi ilikuwa imekwisha. Kazi haikuwepo. Ilibaki ile mipira mitatu ya Josué ambayo haikumhusu mtu tena. Carmel akaweka chaki bila haraka, akapanga miguu, akatoa pumzi, akainama. Wa kwanza ukaingia. Akazunguka meza, akatafuta pembe, akainama tena. Wa pili ukaingia. Wa mwisho ulikuwa upande alikosimama mwenyekiti, na ilibidi Papa Apollinaire asogee nyuma, mkono wake bado uko mbele, ili dada yangu apate nafasi ya kupiga.