Ng'ombe Wangu Analala kwa Jirani

Nina wivu mpaka kifua kinauma, na sioni aibu kusema.

Leo mimi na jirani yangu Mama Sabina tumepeleka benki hundi zetu za mahindi, za mnunuzi mmoja.

Yeye, niliyemcheka miaka yote kwa kuweka hela benki huku zangu nazificha kwenye debe la ulezi, kalipwa palepale.

Mimi? Karani kaniambia, "Mama, akaunti yako ni mpya. Hundi itasubiri wiki mbili."

Nilishachagua ng'ombe kwa mfugaji wa Milanzi, na jina nikampa: Malaika. Mfugaji akagoma kusubiri. Mama Sabina akamnunua!

Jioni kaniletea maziwa. "Ya Malaika haya, jirani."

Hata jina kabeba!

Nyie mngeyakataa?

Mimi nimeomba kikombe cha pili, huku nimenuna.