Mkono wa Wariara Unaporudi

Saa moja asubuhi, Elburgon. Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Mau na kutulia juu ya mabati ya kiwanda cha mbao kama mgeni asiye na haraka. Ndani, msumeno wa mviringo unalia. Wariara, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, anausukumia ubao wa paini kwa kiganja, uzito wa mwili wote ukiwa nyuma ya mkono huo.

Akili yake, lakini, haipo. Jua likipenya matundu ya mabati, unga wa mbao huelea kwenye miale, na humo ndani yeye huona mkeka wa mashindano, na mpinzani anarukaruka taratibu akimsubiri.

"Wewe! Umeshaenda tena?" anapaza sauti Hiram, fundi wa msumeno.

"Niko hapa, mzee."

"Uko hapa, macho yako Nairobi!"

Hajakosea. Nairobi kutakuwa na mashindano ya taifa ya karate, na Wariara anaitamani safari hiyo kuliko kitu chochote. Tulipomtembelea, lilikuwa limebaki pambano moja tu la mchujo, Jumamosi mjini Nakuru. Mpinzani wake alikuwa Adero wa Kaptembwo, msichana ambaye Wariara aliwahi kumpasua mdomo.

Kocha wake, ambaye humwita Sensei, yaani mwalimu, ni Ajit, muuza vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Jioni hufunga duka, akapanda ghorofani kufundisha. "Mimi nikikosea, yeye ndiye hakuli," anasema Wariara.

Na alikosea kweli. Katika kumite, yaani karate ya kupambana ana kwa ana, ngumi ya usoni inatakiwa ifike, iguse ngozi kidogo tu, irudi. Ukimuumiza mwenzako unatolewa. Sasa mpe sheria hiyo mtu anayeshinda akisukuma mbao! Kwenye msumeno, ukisitasita ubao unarushwa, unakurudia kifuani. Wariara hakujua kusita.

"Niliona tu damu ya Adero," anakumbuka. "Nilisikia vibaya, haki. Nikamshika nikimwambia pole, nalia kumliko."

Alitolewa. Shindano lililofuata akamuumiza mwingine, akatolewa tena. Waamuzi wakamwonya: akirudia, asahau timu ya mwaka huu.

Ajit akamwambia apunguze nguvu. Lo, hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa! Woga uliingia mkononi. Mazoezini ngumi zikawa zinaishia hewani, akapigwa hata na wasichana waliovaa mshipi wao wa kwanza juzijuzi. Akaacha mazoezi, na simu ya Ajit akawa hashiki.

"Nikajiambia, rudi kwa mbao zako. Hii kitu si yako."

Siku moja Ajit alifunga duka mchana kweupe, majirani wakadhani kuna msiba. Akaendesha pikapu hadi Elburgon, akasimama mlangoni mwa kiwanda. Kelele hazikuruhusu salamu, kwa hiyo alitazama tu, nywele zake nyeupe zikizidi kuwa nyeupe kwa unga wa mbao.

Alichokiona ni hiki. Ubao ukikaribia kuisha, kiganja cha Wariara kiliusindikiza hadi karibu kabisa na meno ya msumeno. Kisha mkono ukarudi kiunoni, upesi, na mwenyewe wala hakuwa anautazama. Alikuwa mbali, kwenye mkeka wake wa ndotoni.

Msumeno ulipozimwa, Ajit aliuliza, "Nani alikufundisha kurudisha mkono hivyo?"

"Hakuna mtu, Sensei. Ni kazi tu."

"Na ukichelewa?"

Hiram akainua mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu. "Ukichelewa, ni hivi," akasema, akacheka mwenyewe.

Ajit hakucheka. "Basi mimi ndiye nilikosea. Usipunguze kitu, Wariara. Sukuma yote, kisha urudi. Uso wa Adero ni msumeno."

Wakaanza palepale, viatu vimevuliwa, miguu ikizama kwenye unga wa mbao. Ajit alijisogeza mbele na kuutoa uso wake mwenyewe.

"Sensei, naogopa pua yako."

"Pua ni yangu. Piga!"

Jioni hiyo Ajit alifika nyumbani pua imevimba. Mkewe, Champa, alimpokea kwa barafu na maneno makali. Wiki iliyofuata alirudi Elburgon vilevile, na iliyofuata, mpaka pua ikapona na haikuvimba tena.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulikuwa umejaa, na Hiram alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti lake la kanisani. Pointi zilikuwa sawa, muda unakwisha. Wariara akaruka, ngumi ikaondoka na nguvu zake zote. Hiram akafunika uso.

Ngumi ilifika shavuni, ikagusa, ikarudi kiunoni. Adero akajipapasa, akatazama kiganja chake. Hakikuwa na damu. Akaanza kutabasamu hata kabla bendera za waamuzi hazijapanda upande wa Wariara.

"Leo umenibembeleza," Adero alimwambia wakikumbatiana. "Enda Nairobi, lakini uende hivyo hivyo."

Ajit alikuwa ameketi pembeni akifuta macho, akisingizia vumbi. Katika ukumbi uliopigwa deki asubuhi!

Jumatatu Wariara yuko tena kazini. Anasema akitoka Nairobi atatafuta mkeka, auweke hapa Elburgon, wasichana wa viwanda vya mbao wajifunze. Anaposema hayo, jua linapenya mabati na unga unaanza kuelea. Macho yake yanaufuata, na ubao unaelekea kuisha.

"Wewe!" anaita Hiram. "Umeshaenda tena?"

"Nimeenda, mzee," anajibu bila kugeuka. "Lakini mkono umerudi."