Wimbo wa Nyongeza

Punk, ule muziki wa magitaa makali na kupiga kelele, niliipata kwenye mitumba. Nilinunua fulana nyeusi pale Kariakoo kwa sababu tu kitambaa kilikuwa kizito na rangi haijapauka. Nikaja kutafuta kwenye simu jina la bendi lililoandikwa kifuani, na tangu siku hiyo masikio yangu hayajatulia. Kila ile bendi ilipotangaza albamu mpya nilikuwa nahesabu siku kama mtu anayesubiri mshahara. Magomeni nzima nilijiona shabiki peke yangu, mpaka nilipopata wenzangu wawili tukaanza kupiga wenyewe, kwa Kiswahili.

Wimbo wetu wa kwanza tuliurekodi chumbani, magodoro tumeyaegemeza ukutani. Tulipoutoa mtandaoni, waliousikiliza ni sisi watatu na binamu zetu. Mpiga ngoma akasema kama hadi mwisho wa mwezi hatujapata hata msikilizaji mmoja asiye ndugu yetu, vyombo viuzwe, kila mtu ashike lake. Nilimkasirikia sana.

Nikaupeleka Kariakoo, kwa kaka mmoja anayeingizia watu nyimbo kwenye flashi. Aliucheza kidogo tu, akauzima.

"Dada, faili lako limeharibika. Linakwaruza."

"Halijaharibika. Ndivyo ulivyo."

"Na anayepiga kelele ni wewe?"

"Ni mimi."

Alinitazama kwa huruma. Akasema kwenye taarabu hauingii, kwenye kwaya ndiyo kabisa, na watu wa singeli watamrudishia flashi zao. Ila atanisaidia: kila atakayenunua nyimbo atamwekea wangu mwishoni, bure, kama muuza nyanya anavyokutupia moja ya nyongeza juu ya fungu lako. Nilishukuru huku roho inaniuma. Jasho lote lile, halafu tumekuwa nyanya ya nyongeza!

Mwezi ulipokaribia kuisha nilipita tena. Kaka aliponiona tu akaanza kucheka.

"Wateja wananigombeza kwa ajili yako. Kuna mmoja kadhani spika yake imeungua."

Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie aufute, yaishe, mara akaja mama mmoja anayeuza uji pale sokoni. Flashi mkononi, uso mkavu. Nikajua hapa sasa natukanwa mbele ya watu.

"Ule wa mwisho," akamwambia kaka, "wa yule binti anayepiga kelele. Niwekee uwe wa kwanza."

"Mama, unaupenda ule?"

"Maneno mengine siyakamati. Ila mimi toka alfajiri nipo kwenye moto, na siku nzima ni ndiyo bosi, samahani bosi. Mtu ananijibu ovyo, natabasamu. Yule binti ananipigia kelele zangu."

Machozi yalinilenga. Mpaka leo namshukuru yule kaka kwa nyongeza yake niliyoidharau, na yule mama namshukuru zaidi, maana bila yeye gitaa langu lingekuwa kwa mtu mwingine. Siku ile, hata hivyo, nilimsogelea tu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Yule binti ni mimi."

"Marahaba." Akanikagua kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Sasa mbona unanong'ona?"