Bibi Kiasi na Mstari wa Hamsini

Shangazi yangu hufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, na wanafunzi wamembandika jina la Bibi Kiasi. Ukimpelekea kola uliyoshona, hakwambii umepata wala umekosa. Ataigeuza, avute uzi, aseme, "Kukata unajua sana. Kushona unajua kiasi. Kupiga pasi bado kabisa." Hata kwenye kompyuta maksi huzipiga hivyo hivyo: mtu mmoja anaweza kuwa ndani ya "anajua" na ndani ya "bado" kwa wakati mmoja, kila upande kwa kiwango chake, kisha kanuni alizozitunga mwenyewe zinaonyesha afundishwe nini zaidi. Hesabu hiyo aliipata kwenye kozi, akarudi nayo kama mtu aliyepewa miwani.

Mkuu wa chuo haitaki. Kwake kuna hamsini, basi. Juu yake umepita, chini yake funga virago.

Muhula uliopita Mama Mapacha, mwanafunzi aliyeacha kibarua ili asome, alipata arobaini na nane kwenye mtihani. Kitambaa anakikata bila kuharibu hata kipande, lakini cherehani ikishika kasi inamshinda. Mkuu akamwita shangazi ofisini. Mimi natunza stoo, mlango wa pili tu, nikasikia yote.

"Mwongezee mbili, mwalimu, yaishe."

"Siongezi. Mshono wake unafumuka."

"Basi anaondoka."

"Haondoki! Kwa mkasi ananizidi hata mimi."

"Anajua au hajui? Chagua moja!"

"Nikichagua moja nitakuwa nimedanganya, mkuu. Sidanganyi."

Roho yangu ilisuuzika, maana huyo bwana ametuchosha na mstari wake. Lakini mkuu akaamua kumkomesha shangazi: Mama Mapacha abaki muhula mmoja zaidi, ila akifeli tena, mwalimu naye aondoke.

"Andika hivyo, nitie saini," shangazi akasema. Akatia.

Nilimkimbilia karakanani, nimejaa hofu. Alikuwa ameshamkalisha Mama Mapacha kwenye cherehani, kainama kumwonyesha mguu ukanyage wapi.

"Shangazi, umeweka kazi yako rehani! Una hakika atafaulu?"

Hata hakugeuka.

"Kiasi," akasema. "Kanyaga, mama. Taratibu."