Mafuta ya Asubuhi na Unyasi wa Sakafuni

Juzi binti wa mpangaji mwenzangu hapa Miembeni alinibishia hodi akiwa na simu mkononi. "Ma, hebu njoo uone," akasema. Kwenye simu kulikuwa na mwanamke wa Kihindi anayefundisha watu kujipaka mafuta ya uvuguvugu kila asubuhi, utosini mpaka nyayoni, polepole, huku wakiukubali mwili walio nao. Ni tiba yao ya asili, Ayurveda. Binti huyu anasomea urembo. Alinieleza kwa upole, akijitahidi asiitazame mikono yangu yenye mabaka meupe, kwamba jambo hilo lingenifaa sana. Nilicheka. Kisha nikaweka kikombe cha chai chini.

Rafiki yangu, mafuta ya asubuhi nayajua. Niliyajua kabla sijajua kusoma, na kuna msimu niliyaogopa kuliko nyoka.

Nililelewa na bibi kule Ijumbi, Muleba, kwa kuwa mama alikuwa akiuza dagaa sokoni Bukoba na chumba chake kilikuwa kidogo. Nyumba ya bibi ilikuwa katikati ya migomba, na sakafu yake tuliitandika nyasi. Tulikuwa tunazikata wenyewe, tunazitandaza zikiwa mbichi, na nyumba nzima inanukia mvua hata kama haijanyesha. Asubuhi bibi aliweka kikopo cha samli karibu na mafiga, pembeni ya chungu cha ndizi na maharage, mpaka ikayeyuka. Akanivua gauni, akanipaka shingo, mabega, tumbo, miguu. Samli ile ilinuka maziwa na moshi, na wenzangu shuleni walinitania kwamba nalala zizini. Sikujali. Niliipenda mikono yake, migumu kwa jembe, inavyopita mgongoni.

Ndipo likatokea baka. Lilikuwa jeupe, juu ya goti, dogo kama punje ya kahawa. Bibi aliliona kabla yangu. Mkono wake ulisimama hapo, kisha akafunika kikopo na kuniambia nivae. Jioni ile jirani yetu, mama aliyejua habari za kila mtu isipokuwa zake, alikuja kuomba moto akanikuta nimekaa namenya ndizi. Akalitazama goti langu, akamwinamia bibi na kumnong'oneza, akidhani watoto hawana masikio: "Hata dada yako alianza hivyo hivyo."

Huyo dada yake bibi sikumkuta. Nilichojua ni kwamba mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, palikuwa na kipande ambacho hakikupandwa mgomba hata mmoja. Watoto wakubwa walisema ndipo kilipokuwa kibanda chake. Alikuwa na ebibembe, ukoma, na chakula chake kiliwekwa njiani juu ya jani la mgomba, aliyekileta akarudi mbio. Walisema pia vidole vyake viliisha bila yeye kujua, kwa sababu mwili wake haukusikia kitu. Nililiamini kila neno.

Tangu siku hiyo mafuta yalibadilika. Bibi alinipaka kama kawaida, lakini akimaliza aliokota unyasi mmoja sakafuni. "Fumba macho," alisema. Nikafumba. Akanigusa kwa ncha ya ule unyasi, mkononi, shavuni, na mwisho kabisa kwenye baka. "Unasikia?" "Nasikia." Hapo alishusha pumzi ndefu na kunivalisha gauni. Hakunieleza ni kwa nini, na mimi sikuuliza. Ndani ya giza la macho yangu nilikiona kile kibanda, nami nimo ndani, nasubiri jani la mgomba.

Baka likakua, likaja jingine kwenye kiwiko. Hofu nayo ikanifundisha ujanja wa kijinga. Niliogopa nisije nikachelewa kujibu, basi nikawa nawahi. Bibi hajauliza, mimi nimeshasema nasikia. Asubuhi moja nilisema "Nasikia," lakini ile pumzi ndefu haikushushwa. Nikafumbua macho. Mkono wa bibi, pamoja na ule unyasi, ulikuwa umetulia mapajani pake. Hakuwa amenigusa popote.

Ningesema ukweli pale pale, kwamba nilikuwa nawahi tu kujibu, mambo yangeisha, lakini sura yake ilinitisha. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima anaogopa. "Mae waitu," akasema taratibu, kwa mshtuko. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaondoka kwenda hospitalini. Njia nzima hakuuachia mkono wangu, hata kwenye vilima, hata pale tulipopishana na watu na wakamsalimu. Jasho lake na langu lilichanganyika kiganjani. Niliamini ananipeleka wakaniandikie kibanda.

Daktari alichukua kipande cha pamba akaniambia nifumbe macho. Nilishindwa. Nikaangua kilio, nikasema nitakosea kujibu halafu nitapelekwa kibandani.

"Kibanda gani?" daktari akauliza.

Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama. Nadhani ndipo alipotambua kwamba nilikuwa najua. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, akanishika magoti yote mawili, lenye baka na lisilo na baka. "Mwana wange, sikia. Dada yangu hakuguswa na mtu tangu alipopelekwa kule mpaka tulipomzika. Hata mimi sikumgusa. Nilikuwa mdogo, niliogopa. Wewe, kama husikii, sema husikii. Tutakwenda kukaa huko sote wawili."

Nikafumba macho. Nikasubiri, mpaka kitu chepesi kikanigusa juu ya goti. "Nasikia," nikasema.

"Na sasa?" daktari akauliza.

Nilisubiri tena. Nilisubiri sana. "Sasa hujanigusa."

Daktari akacheka. Ni mbalanga, alisema, ugonjwa wa ngozi tu, hauambukizi wala haukati vidole, ila huenda mabaka yakaenea. Bibi alikaa chini palepale sakafuni.

Kesho yake aliyeyusha samli kama kawaida, kisha akanisogezea kikopo. "Leo jipake mwenyewe. Anzia pale usipopapenda, na usifumbe macho." Nikaanzia kwenye goti.

Mabaka yalienea, kama alivyosema daktari. Bibi tulimzika zamani. Ijumbi nyumba ina sakafu ya saruji sasa, ugonjwa wa mnyauko umemaliza sehemu kubwa ya migomba, na pale palipokuwa na kibanda pameoteshwa maharage na watoto ambao hawajui lolote. Samli nainunua dukani, na hainuki moshi.

Sikumwambia binti yule haya yote. Nilimwambia tu nitajaribu. Lakini kila asubuhi, bafuni, juu ya vigae, najipaka, na bado mkono ukikuta baka jipya moyo unanilipuka kama wa yule mtoto wa Ijumbi. Hapo nafumba macho. Nagusa kwa ncha ya kidole, nasubiri mpaka nisikie kweli. "Nasikia," nasema kwa sauti, kisha natega sikio. Hakuna anayeshusha pumzi.