Kiti cha Noko na Kitambaa Chekundu

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na diploma ya serikali nikiwa nayo mkononi, kwamba kifua kikuu kinampanda mtu kupitia joto la kiti. Ndiyo, chekeni kwanza mmalize. Habari hiyo nilipewa na mwendesha baiskeli aliyenibeba siku moja kutoka sokoni: ukikalia kiti alichotoka kukalia mgonjwa wa TB kabla hakijapoa, ugonjwa unaingilia matakoni, unapanda mgongo, unafika mapafuni umechoka lakini unafika, na hatari hiyo inadumu miezi sita kamili, mpaka mgonjwa ameze kidonge cha mwisho. Aliyasema hayo akipanda mwinuko wa daraja bila kuhema hata kidogo (na mtu asiyehema kwenye mwinuko, mimi simbishii).

Bon. Nyumbani kwetu Mangobo tulikuwa naye mgonjwa mwenyewe: Noko Bernard, kaka yake mama. Noko ndiye aliyenilea. Nilipoamua kusoma shule ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, alinipa baiskeli yake miaka minne mizima, yeye akatembea kwa miguu kila alfajiri mpaka kwenye mitego yake ya samaki kule maporomoko. Nilipopata diploma akaanza kuniita Prof, na mtaa wote ukamfuata. Basi Prof huyo huyo, tangu Noko aanze dawa, alikuwa anapapasa kila kiti kabla ya kukaa, kama mama anayepima joto la mtoto.

Ikafika siku ya mahari ya dada yangu Régine. Wakwe walitoka Isangi kwa baleinière, ile mashua ndefu ya mtoni, na mbuzi, na vitenge, na shangazi wasiohesabika. Kwetu mnajua mambo yalivyo: hata mlete mbuzi wa kujaza uwanja wa ndege wa Bangboka, noko asipokubali, hakuna ndoa. Binti anajaza glasi, anampa noko, noko anakunywa nusu, nusu inayobaki anaimaliza baba wa bwana harusi, hapo ndipo mambo yamefungwa.

Mimi nilipewa kazi ya viti. Viti vya plastiki vya kukodi, vyeupe vyote, vinafanana kama mapacha, sasa nitajuaje cha Noko ni kipi? Nikachana kitambaa chekundu, nikakifunga kwenye mgongo wa kiti chake. Uamuzi mdogo tu.

Noko alipokiona akauliza, “Prof, hii iko nini?”

“Iko heshima, Noko.”

Jamani, akatabasamu! Akakinyoosha kile kitambaa kwa vidole viwili, akakaa wima kama chifu siku ya kutawazwa. (Mpaka leo tabasamu lile linanichoma.)

Mambo yakaenda vizuri mpaka alipoletwa mbuzi wa noko, yule ambaye ni wake peke yake. Noko akasimama kwenda kumkagua meno. Wakati huo Papa Lokuli, baba wa bwana harusi, mtu mwenye kilo zisizopungua mia tatu, alikuwa anatafuta mahali pa kupumzisha mgongo, akaona kile kiti kilichopambwa, akajua ni cha mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa ni nani kama si yeye? Akageuka, akaanza kuteremsha makalio.

Mimi niliona ule ugonjwa tayari unamsubiri. Niliruka juu ya meza, juu ya shangazi wawili, nikapiga kelele, “Papa, hapana kukaa! Kiti ingali moto!” nikavuta kiti.

Nilichelewa. Au niliwahi mno, sijui. Papa Lokuli alikuwa ameshajiachia, na chini yake hakukuwa na kiti tena. Alianguka kwa kishindo cha kufanya majirani wadhani transfoma imelipuka, akatua ndani ya beseni la pondu, yaani kisamvu, pondu ikaruka mpaka kwenye kofia ya pasta, na mbuzi akashtuka, akamponyoka Noko, akapita katikati ya miguu ya wageni, akatokomea.

Papa Lokuli akasema akiwa amekaa ndani ya mboga, “Moto ya nini? Kwenu mukwe anavutiwa kiti kama mulevi? Bon. Mufunge vitu, tunarudi Isangi.”

Wakaanza kweli kufunga vitenge. Régine akaniangalia. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaona nijitetee: “Papa, nilikuwa nakuokoa! Noko iko na TB! Vidonge bado kuisha!”

Vitenge vikabaki nusu kufungwa.

Noko akakifungua kile kitambaa taratibu, akakikunja, akakitia mfukoni. “Kumbe haikukuwa heshima,” akasema. Kisha akawageukia wakwe: “Mukae, batu ya Isangi. Mutoto asikose bwana juu yangu. Mimi ndio nitatoka.”

Régine akasimama mbele yake na machozi yote. “Noko akitoka, mi siolewi. Alors, mutoke wote.”

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Akasimama Mama Bibiche, dada yake Papa Lokuli, ambaye ni muuguzi huko kwao. Hakunitazama mimi. Alimfuata Noko, akamuuliza karibu kabisa, “Noko, ulianza dawa lini?”

“Huu iko mwezi wa tatu.”

“Umeruka siku?”

“Hata moya. Na juzi walipima makohozi tena. Hawakuona kitu.”

Mama Bibiche akavuta kiti chake, akakiweka bega kwa bega na cha Noko, akakaa. “Régine, leta glasi.”

Noko akanywa nusu. Glasi ikafika kwa Papa Lokuli. Akaitazama. Akamtazama dada yake.

“Kunywa, yaya,” Mama Bibiche akamwambia kaka yake.

Papa Lokuli akainywa mpaka tone la mwisho, akapangusa mdomo. “Kitu itaniua,” akasema, “iko hii pondu ndani ya suruali.” Vigelegele vikapasua anga la Mangobo. Noko akacheka, nami nikacheka naye, mpaka akanipiga kofi la mgongo: “Prof, endelea kucheka, lakini mbuzi yangu utaitafuta weye.”

Nimeapa: habari ya ugonjwa siichukui tena kutoka kwa mtu ambaye macho yake yako barabarani. Siku ile nilimfuata Mama Bibiche kwenye sahani chafu, nikaosha pamoja naye, nikamuuliza polepole kama mwanafunzi.

“TB inapita kwa hewa, mutu akikohoa,” aliniambia. “Kiti hapana, sahani hapana. Akimeza dawa kila siku na dawa inamufaa, wiki mbili hivi, batu wengi hawaambukize tena. Ile miezi inayobaki iko ya kumaliza ugonjwa ndani yake, usirudi. Kabla ya dawa, wakati anakohoa, alikuwa analala wapi?”

“Kwangu. Chumba moja.”

Akaweka sahani chini. “Basi ile ndio ilikuwa wakati ya kuogopa. Weye mwenyewe, ulishaenda kupimwa?”