Shuka Niliyoipeleka kwa Fundi

Nilifika Riyadh nikiwa dereva kwenye karatasi. Mwezi wa pili nilikuwa mlinzi wa bohari, nimekalia kiti cha plastiki kilichopasuka, na gari lenyewe sikuwahi kuonyeshwa. Miaka miwili baadaye kampuni ikatuhamishia Jeddah. Sikuuliza kwa nini, maana nilishachoka kuuliza. Tuliwekwa watu sita chumba kimoja mtaa wa Bani Malik, Wakenya watatu na Wahindi watatu, kila mtu na zamu yake, kwa hiyo saa zote palikuwa na mtu anayelala na mwingine anayetafuta viatu gizani.

Kitanda cha chini yangu kilikuwa cha Mhindi wa Kerala. Alinizidi kama miaka ishirini, nikawa namwita chetta, neno ambalo kwao ni kaka mkubwa. Yeye aliniita sadiki, rafiki kwa Kiarabu. Alipiga pasi kanzu za watu kwenye duka la dobi huko Al-Nuzha, amesimama kutwa, na akirudi jioni alikaa muda mrefu kabla ya kuvua soksi. Nilipougua homa wiki nzima, ni yeye aliyenipikia uji wa mchele na kunilisha kabla hajaenda kazini. Wakenya wenzangu walinipita tu. Siwalaumu, na wao walikuwa hoi.

Chetta alikuwa na kitu kimoja cha thamani: shuka nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, ile wanaume wa kwao wanayoifunga kiunoni. Baba yake aliifuma kwa mkono, katika kijiji cha wafumaji. Ilikuwa na kibandiko chenye muhuri, kikieleza kwamba jina la kijiji hicho linalindwa na sheria, na nguo iliyofumwa kwingine haiwezi kuuzwa kwa jina hilo. Alinionyesha vitundu vidogo vidogo vilivyoandamana kwenye kingo. Vilitokana na kijiti chenye misumari kinachotanua nguo inapofumwa.

"Mashine mafi hii," aliniambia kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza. "Baba macho yake halas. Hii ya mwisho." Mafi ni hapana, halas ni kwisha: nguo haikugusa mashine, na baba yake alikuwa haoni tena.

Hakuwa ameivaa hata mara moja. Binti yake alikuwa anaolewa, kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, alishamruhusu, tiketi ilikuwepo, naye alitaka kusimama karibu na binti akiwa amejifunga kazi ya mikono ya baba yake, mzee mwenyewe akiwa ameketi pale pale. Mwezi ule hakuwa na hadithi nyingine.

Siku tatu kabla ya safari aliitoa sandukuni, akaitandaza kitandani ipigwe na hewa, akaenda zake kazini. Nilirudi kutoka zamu asubuhi nikaiona yote kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ndefu, karibu mita nne, na nyuzi zilining'inia kwenye ncha zote mbili. Nikamhurumia. Mimi nimekulia Kilifi, na mama yangu alikuwa akishona leso za watu kibarazani. Leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana. Unazikata katikati, unazipinda, ndipo zinavalika. Kutoka na leso isiyopindwa kwetu ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Nikasema moyoni, kaka wa watu hana mke hapa wala nafasi, atasafiri na nguo haijakatwa. Acha nimfanyie mimi. Nilikuwa sijalala tangu jana yake, na mtu asiyelala hujiona ana akili sana.

Nikaikunja nikaenda nayo Sharafiya, kwa fundi wa cherehani Mbangladeshi karibu na maduka ya simu. Aliitazama shuka, kisha akanitazama mimi.

"Kata?"

"Kata."

"Nusu?"

"Nusu. Yalla."

Aliponikabidhi vipande viwili vilivyopindwa vizuri nilijiona mtu mwema. Nilikuwa sijajiona hivyo kwa muda mrefu.

Jioni nikampa chetta. Alifungua kipande cha kwanza, akafungua cha pili, akavikutanisha pale vilipokatwa, akavishikilia hivyo hivyo. Kisha akanieleza, bila kuinua sauti, kwamba shuka ya sherehe haikatwi. Hukunjwa mara mbili ndipo ifungwe, iwe nzito. Nusu yake ni nyepesi, mwili unaonekana, ni ya kukaa nayo nyumbani.

"Nisamehe, chetta. Kwetu leso..."

"Mafi mushkila," akasema, yaani hakuna tatizo, na huku machozi yanamtoka. Heri angenipiga.

Kesho yake sikulala. Nilizunguka maduka ya Wahindi Sharafiya nzima. Shuka zilikuwa tele, na nyingine zimeandikwa jina la kijiji kile kile, lakini nilipapasa kingo nikakuta hakuna kitundu hata kimoja. Muuzaji mmoja, naye wa Kerala, hakunificha. "Hizi za mashine, kaka. Ya kweli hapa huipati." Nilinunua hivyo hivyo. Chetta alinishukuru kwa heshima zote, na siku aliyosafiri niliikuta ile ya dukani juu ya kitanda changu. Yeye alikuwa amefumua pindo za fundi, akaunganisha vile vipande kwa sindano ya mkono, akaondoka navyo.

Baada ya wiki mbili picha iliingia kwenye simu. Binti amejaa dhahabu, baba yake kando, shuka imekaa vizuri na mshono umefichwa kwenye kunjo. Nilifurahi nikampigia papo hapo. Akanieleza chakula, mvua, wageni. Nikamuuliza mzee alisemaje.

Akasema mzee alimwita karibu kabla ya sherehe, akaipitisha shuka vidoleni polepole mpaka akafika kwenye mshono. Akauliza nani amekata nguo yake.

"Ukamwambia nini?"

"Nimesema mimi."

"Chetta, kwa nini hukunitaja?"

"Wewe hakujui, sadiki. Angekuchukia mpaka kufa. Mimi mtoto wake, atanisamehe." Kisha akaongeza kwamba mzee alikuwa bado hajasema naye.

Mwezi uliofuata mzee alifariki. Nilimpigia chetta kumpa pole, tukaongea dakika chache, na sikuthubutu kumuuliza kama baba yake aliwahi kusema naye tena.